Laini Safi

Kazi yangu ni kupokea simu. Kampuni ya bima, ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi. Mtu akigongwa, akiibiwa, akiunguliwa na nyumba, sauti ya kwanza anayoisikia ni yangu. Namsikiliza, namuuliza anataka idara gani, namuunganisha, natoka. Opereta hachangii mazungumzo ya watu. Ukishawaunganisha unabonyeza kitufe cha kujinyamazisha, unahakikisha wamesikiana, unaachia laini. Vidole vyangu vimefanya hivyo miaka mingi, hata siku hizi vinabonyeza vyenyewe.

Zamani mtu akilia kwenye simu nilimwambia pole na uchungu wake ukaniingia. Sasa nasema pole huku naangalia kucha zangu. Si roho mbaya. Ni kama mguu ulioukalia muda mrefu: upo, ni wako, lakini ukiugusa hausemi kitu.

Nyumbani nina baba. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, kikamwachia ulimi na masikio, na kwa maoni yangu kilikosea kugawa. Baba hulishwa, huoshwa, hugeuzwa usiku na mchana ili ngozi isichubuke. Mchana nikiwa kazini hukaa naye jirani yetu, mama mmoja mshonaji, anayekuja na cherehani yake. Saa nyingine zote ni zangu. Watu husema nimebaki na baba kwa sababu ya moyo mzuri. Nilibaki kwa sababu wenzangu walikuwa wepesi wa kuondoka na mimi nilikuwa bado natafuta viatu.

Tuko wanne. Kaka mkubwa ni mhasibu kwenye nchi ya mbali yenye joto na sheria nyingi. Anayemfuata ni dada yangu muuguzi, naye yuko ng'ambo, upande wa baridi. Kisha mimi. Kisha kitindamimba, ambaye yuko humu humu nchini lakini ukitaka kumwona ni afadhali ungoje kupatwa kwa mwezi.

Siku moja meneja alituita akatuambia makao makuu yanahamia mji mwingine, na chumba cha simu kitahama nayo. Anayetaka kazi ahame mwisho wa mwezi ujao, asiyetaka aseme mapema. Mimi niliahidiwa cheo cha msimamizi wa chumba cha simu na nyumba ya kampuni, chumba na sebule, juu kabisa ya jengo. Wenzangu walinipongeza. Nilisema asante, nikarudi kwenye kiti changu. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: nitalala usiku mzima. Sitaficha, nilitaka kwenda peke yangu. Sikutaka baba afe, wala sikumchoka yeye. Nilichoka kuwa mikono yake.

Nilipomwambia kwamba kazi inahama nami nahama nayo, hakukasirika. Alisema hivi: "Neno la mzee wa nyumba halipelekwi kwa mdomo wa mtu. Wasikie wote, kwa wakati mmoja, ndipo tuamue naenda kwa nani. Kabla ya hapo mimi sitoki kwenye kitanda hiki."

Nilijua anakotoka na sheria hiyo. Mama alipofariki, habari zilipita kwa mmoja zikaenda kwa mwingine. Dada alimwambia kitindamimba kwamba hospitali haina nafasi ya kumhifadhi marehemu, kitindamimba akamwambia kaka kwamba dada amesema hakuna nafasi ya kusubiri, na kaka alipofika na sanduku lake mkononi alikuta tumeshazika. Tangu siku hiyo yeye na dada walibaki kusalimiana kwa heri ya mwaka mpya. Baba akaapa kwamba katika nyumba yake hakuna tena ujumbe wa kupelekewa.

Basi nikaanza kuitisha kikao. Lo, heri ningeambiwa niitishe mvua.

Kila mmoja alikuwa na simu yake ya intaneti na kila simu ilikuwa na wivu kama mke mwenza. Programu ya dada ilifanya kazi kwenye simu za aina moja tu, zile za bei kubwa, na mwenye simu ya aina nyingine alikuwa hayupo duniani. Ile ambayo mimi na nusu ya dunia tunatumia, kule kwa kaka imefungwa na serikali. Mnaandikiana vizuri, ukipiga tu inakufa. Yeye alikuwa na programu ya ofisini kwake, ambayo mtu wa nje haingii mpaka aalikwe na mkubwa fulani ambaye siku zote yuko likizo. Kitindamimba yeye ni muuzaji wa huduma ya kupiga simu kwa intaneti. Mkataba wake unamkataza kuonekana akitumia ya kampuni nyingine. Kila nikimweleza shida alijibu kwa sauti ya tangazo kwamba dawa ni sote kuhamia ya kwao, mwezi wa kwanza bure. Kaka akasema ya kwao huko kwake haifunguki. Dada akasema yeye hawezi kuwapa watu asiowajua namba yake na majina ya marafiki zake wote kwa sababu tu mdogo wake anauza.

Kila nikiwabana walisema kitu kilekile: sisi tuko tayari, shida ni simu. Kaka alinitumia ujumbe kwamba roho inamuuma, angekuwa hata leo hewani kama si mambo ya mitandao. Dada naye roho ilimuuma. Zilikuwa roho tatu zinauma, na mimi namgeuza baba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Aliyenitoa ni fundi wa simu wa kazini. Tunamwita Waya, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya umbo. Mwaka ule Waya alikuwa ametoka kwenye vita yake mwenyewe. Kampuni iliyotuuzia simu za mezani ilipoona hatuongezi mkataba ilizifunga zote kutoka mbali, asubuhi moja, zikabaki za kuzuia karatasi zisipeperuke. Simu tulikuwa tumezinunua, lakini kuongea tulikuwa tumekodi. Waya alizifungua moja moja, akafuta alichokuta ndani, akaweka mtambo wake kwenye kompyuta ya kawaida pale stoo.

Alinieleza tukiwa tunakunywa chai. Kuna utaratibu wa kupigiana simu kwenye intaneti ambao hauna mwenyewe, alisema. Umeandikwa ukawekwa wazi, kila mtu anausoma, kila mtengenezaji anaweza kuufuata. Simu zinazoufuata zinaelewana hata kama moja imetengenezwa mashariki na nyingine magharibi, na hata kama wenye kuzitengeneza wanachukiana. Mtu anapewa anwani yake, kama ya barua pepe, na anachagua mwenyewe programu ya kuitumia. Asipoipenda anahamia nyingine na anwani anakwenda nayo.

Nilimuuliza kama utaratibu huo unawajua ndugu zangu. Alicheka, akasema yeye ni fundi wa simu, ndugu wana mafundi wao.

Lakini alinisaidia. Alinitengenezea anwani nne na chumba kimoja cha mkutano. Dada aliwekewa programu ya bure kwenye kompyuta yake, isiyodai namba wala majina ya mtu. Kwa kaka jambo lilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani: simu iliyokuwa mezani kwake ofisini ilikuwa inafuata utaratibu uleule, miaka yote hiyo, na yeye alikuwa akiitumia kuagiza chai. Kampuni yake ilikuwa na kibali cha serikali cha kupiga simu hivyo, na mkuu wa ofisi alimruhusu aitumie kwa jambo la familia. Kitindamimba alijitahidi kupinga. Alisema programu hizo za bure hazina msaada wa wateja, hazina usalama, hazina hata rangi nzuri. Waya akamwandikia kwamba achague programu yoyote anayoitaka, hata aitengeneze mwenyewe, mradi ifuate utaratibu. Baada ya siku kadhaa akaandika kwamba amepata moja, ila tusiwaambie kazini kwake.

Visingizio vilikuwa vimekwisha. Ningefurahi, lakini furaha ilikuwa imekaliwa pamoja na ule mguu. Nilifua mashuka.

Kikao kilikuwa Jumapili mchana. Baba alitaka shati. Nilimwambia hawamwoni, ni sauti tu, akasema yeye anajiona. Nikampigia pasi shati jeupe, nikamvalisha, mkono mbovu kwanza, nikamwegemeza kwenye mito. Simu ya mezani yenye spika, moja ya zile za Waya, niliiweka kwenye stuli kando ya kitanda. Kwenye kompyuta yangu nilifungua ukurasa alionipa Waya wa kuangalia mkutano: kila aliyeingia ana mstari wake, mstari ukiwa wa kijani sauti inapita vizuri, ukiwa mwekundu inakatika.

Wakaingia. Kaka kwanza, maana anapenda kuwa wa kwanza. Dada. Kitindamimba, amechelewa, amesingizia betri. Wote wakasalimia, shikamoo baba, marahaba wanangu, hali gani baba, mnanisikia, tunakusikia vizuri baba, kama uko hapa. Mistari mitatu ya kijani. Niliiangalia kama ninavyoangalia dari.

Nikasema: "Haya, wote mmefika. Baba yupo. Ongeeni."

Na kidole changu kikabonyeza kitufe.

Kilibonyeza chenyewe, kama kazini. Nilikuwa nimeshawaunganisha. Lakini simu ilikuwa moja, mimi na baba, na kwa hiyo nilikuwa nimetunyamazisha sote wawili. Baba akaanza kusema na huko hakukusikika kitu.

"Baba?" kaka aliita. "Baba? Naona wametoka."

"Watakuwa wamekatika," dada akasema. "Tuwasubiri."

Nilinyoosha mkono kufungua, na baba akaudaka kwa mkono wake mzima. Mkono ule bado una nguvu. Aliniashiria ningoje.

Kule upande wa pili walikuwa kama watu walioachwa sebuleni na mwenyeji. Halafu kitindamimba akamuuliza dada kama bado anakoroma. Dada akasema anayekoroma ni kaka, ndiye aliyeamsha mtaa siku ya mtihani wake. Kaka akajitetea. Akasema ile siku alilala nje kwa sababu dada alimfungia mlango, na dada akasema alimfungia kwa sababu alikuwa amekula nyama ya wageni, na akamwigiza mama alivyofunua sufuria na kukuta mchuzi mtupu. Alimwigiza sawasawa. Sauti ya mama ilitoka kwenye stuli pale chumbani.

Wakacheka. Kaka alicheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimewahi kuwasikia yeye na dada wakicheka pamoja tangu msiba. Waliendelea hivyo: jino la kaka, watoto wa dada wanaokataa kula, bosi wa kitindamimba anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Baba alikuwa amefumba macho. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa unacheka, ule mwingine ukiwa umetulia.

"Nawafungulia," nikamnong'oneza, ingawa hapakuwa na haja ya kunong'ona.

"Usiwakate," akasema. "Waache wacheke."

Nikawaacha. Mimi sikucheka, sikununa. Nilikuwa nahesabu tu kwamba amekaa kitako muda mrefu na mgongo utamuuma.

Kisha kitindamimba akasema: "Hivi kabla hawajarudi, tunasemaje kuhusu mzee?"

Kicheko kiliisha kama maji ya bomba yanavyokatwa. Dada alisema zamu zake wanazijua, anaondoka watu wamelala, anarudi watu wamelala. Kaka alisema yeye anakaa nyumba ya kampuni na kibali chake cha kuishi huko hakiruhusu mzazi. Kama kinaruhusu, basi kuna utaratibu mrefu. Kitindamimba alisema kwake ni chumba kimoja, na mambo mengine ambayo hakuyataja.

"Lakini mwenzetu ameshamzoea," dada akasema, kwa upole kabisa. "Sisi tutamuumiza tu. Yeye hana mume, hana watoto, anajua kila kitu chake. Kazi za simu zipo kila mahali, atapata nyingine."

"Kweli," kaka akasema. "Hata baba mwenyewe atapenda hivyo."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, nimekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wangu umeshikwa. Nilingoja kuumia. Niliona tu jinsi kucha za baba zilivyorefuka.

Baba akaachia mkono wangu. "Sasa fungua."

Nikafungua. Akasema amerudi. Wakafurahi sana, wakasema walikuwa na wasiwasi. Hakuwauliza kuhusu nyama wala jino. Aliongea kwa sauti ya zamani, ile ya kutuita mezani: "Mwenzenu anahama na kazi. Amenilea, na sasa anataka apumzike, na ni haki yake. Nawauliza mkiwa wote, mnasikia kwa pamoja. Nani atanipokea?"

Sikujua kwamba anajua nataka kupumzika. Sikuwahi kumwambia.

Baba akaita jina la kaka, lile la utotoni ambalo hakuna mwingine anayelitumia.

"Baba," kaka akasema. "Baba, hal... sikusikii vizuri. Sauti inakatika. Halo? Inakatika huku."

Nilitazama ukurasa. Mstari wake ulikuwa wa kijani kutoka mwanzo hadi mwisho, kijani kuliko ya wote. Sijui nini kilinifanya niseme. Labda ni kazi tu, mteja akidanganya kuhusu laini unamsahihisha.

"Kaka, laini yako ni safi," nikasema. "Haikatiki. Hata unavyopumua nakusikia."

Na kweli tulimsikia akipumua, sote wanne. Nilimngoja aseme. Nilikuwa nimemtoa kwenye pango lake la mwisho, yuko uwanjani, jua linawaka, na nilikuwa tayari kungoja mpaka kesho.

Aliyesema ni baba.

"Mwache," akasema. "Hata mimi simsikii vizuri. Mtandao leo mbaya."

Ungewaona walivyoipokea. Dada akasema ndiyo, hata kwake kulianza kukwaruza. Kaka akasema tutajaribu tena siku nyingine, Mungu akipenda, atatafuta simu nzuri zaidi. Kitindamimba akasema si aliwaambia, vitu vya bure ndivyo vilivyo, wangehamia ya kwao tangu mwanzo wasingepata taabu hii. Wakamwombea baba afya njema. Wakatoka mmoja mmoja, na kila aliyetoka mstari wake ulififia ukiwa bado wa kijani.

Nilizima kompyuta. Nikamvua baba shati, mkono mzuri kwanza, nikamlaza. Nilimuuliza kwa nini.

"Ulikuwa unamsikia," nikasema.

"Nilimsikia."

"Basi kwa nini umemfichia aibu yake?"

"Akijua kwamba nilimsikia, hatapiga tena," akasema. "Ataona haya mpaka nife."

Nikamwekea mto katikati ya magoti. Nilidhani amelala, nikainuka, ndipo aliponiuliza kama huko ninakohamia nyumba ina ngazi.

"Zipo, baba."

"Nyingi?"

"Nyingi. Ni juu kabisa."

Akafikiri, macho yake darini, kama mtu anayepima mzigo wa mtu mwingine. "Basi itabidi unibebe," akasema.

Nikasema sawa. Nilifika jikoni, nikafunga mlango, na hapo hasira ikanishika. Nilimkasirikia kaka na pumzi zake, dada na upole wake, nikamkasirikia baba kuliko wote, kwa sababu yeye alikuwa na huruma nyingi namna ile na yote alikuwa ameitoa kwa waliokuwa mbali. Nilipiga ngumi kwenye meza na mkono ukauma, ukauma kweli, nikausikia. Nililia kwa kelele, sikujali jirani. Nilipomaliza nilinawa uso, nikarudi chumbani kumgeuza.